Pointi za leseni yangu ya Uingereza zimepitwa na muda, naambiwa nilipe pauni 180 zifutwe

Tabora, 9 Februari 2026

Mwangaluka mayo,

Mimi ni msomaji wako wa Isevya, hapa hapa Tabora mjini. Nina miaka 46, mke na watoto watatu. Barua hii nimeiandika mara mbili nikaichana, kwa aibu. Leo naituma kama ilivyo.

Niliishi Leicester, Uingereza, tangu 2009 hadi 2023. Karibu miaka yote hiyo nilikuwa dereva wa gari dogo la mizigo: alfajiri nasambaza mikate, mchana vifurushi. Nilirudi kwa ajili ya mama. Alipata kiharusi, na mimi ndiye mtoto wake wa kwanza. Sijutii kurudi, ila kazi imekuwa ngumu kupatikana. Nimeendesha bajaji ya shemeji, nimefanya kibarua cha kuleta mpunga kutoka Nzega. Leseni yangu ya Tanzania ninayo na iko hai.

Mwezi uliopita niliitwa kwenye usaili na shirika moja linalofanya kazi na wafugaji nyuki upande wa Sikonge na Urambo. Wanatafuta dereva. Tuliongea vizuri, wakanipa gari niwaendeshe, wakaridhika. Mwisho dada wa ofisi ya ajira akasema, "Umeandika kwamba umeendesha Uingereza miaka mingi. Tuletee rekodi yako ya udereva ya huko."

Nikaenda nyumbani, nikafungua bahasha ya nyaraka zangu, nikatoa leseni ya kadi pamoja na ile karatasi yake tuliyokuwa tunapewa zamani. Nikapita stesheneri nikatoa kopi, nikapeleka. Mama, kwenye ile karatasi pameandikwa SP30 (kosa la mwendo kasi), pointi 3 za adhabu, mwaka 2012. Yule dada alisoma, akaweka kidole pale pale kwenye maandishi, akaniuliza, "Kaka, hili ni kosa?" Nilishikwa na kigugumizi.

Na si hilo tu. Tarehe 14 Mei 2019 kamera ilinipiga tochi, nikikimbia maili 44 kwa saa mahali pa maili 30. Pointi 3 nyingine. Halafu 20 Agosti 2022 nilikuwa nimesimama kwenye taa nyekundu, simu ikaita, nikaona jina la mdogo wangu wa Tabora. Hapigi saa zile. Nikaishika. Ndiyo siku mama alianguka. Polisi alikuwa kwenye gari la pembeni, akaniona. Faini pauni 200 na pointi 6. Ukijumlisha 3 na 3 na 6 unapata 12, na sote tuliokuwa kule tunajua kwamba 12 ndiyo leseni kwisha.

Nimepewa mpaka Alhamisi ya wiki ijayo nipeleke maelezo.

Kuna mwenzetu mmoja tuliyefahamiana kule. Nilipomweleza akaniambia pointi zikipitwa na muda haziondoki mpaka uombe ziondolewe, na kwamba yeye ana watu wake Swansea, kwenye mamlaka ya leseni. Anataka pauni 180 "kusafisha leseni", pamoja na picha ya leseni, namba yangu ya bima ya taifa na postikodi. Picha nimeshamtumia. Hela sijatuma, maana ni zaidi ya laki tano, na iliyopo ndani ni ada ya mtoto anayeanza kidato cha tano. Nilidhani ni tapeli, lakini kaka yangu aliyekaa kule kabla yangu anasema hata yeye mwaka 2010 alilipia pointi zake ziondolewe. Basi nimebaki katikati.

Nilipe, mama? Zitafutika kabla ya Alhamisi? Au nimwambie yule dada kwamba karatasi ile ilichanganyika na ya mtu mwingine?

Dereva wa Isevya

*

Mwanangu, mwangaluka.

Usilipe. Ada ya mtoto iache pale ilipo. Nimeomba barua yako iwatangulie wengine waliosubiri, kwa sababu ya hiyo Alhamisi.

Kaka yako hakukudanganya, na hapo ndipo penye kiini cha jambo lako lote. Mpaka mwaka 2015 leseni ya kadi ya Uingereza ilikuwa na karatasi yake, hiyo hiyo uliyoitoa kwenye bahasha. Makosa yalichapwa juu ya karatasi. Wino ukishakauka hauondoki wenyewe, kwa hiyo muda wa kosa ulipopita, mwenye leseni aliyetaka karatasi safi aliomba DVLA, mamlaka ya leseni na magari iliyoko Swansea, wampe nyingine, na alilipia. Kaka yako alifanya alichotakiwa kufanya kwa wakati ule.

Tarehe 8 Juni 2015 karatasi hizo zilifutwa. Tangu siku hiyo hazitolewi tena wala hazina nguvu yoyote kisheria. Rekodi ya dereva iko kwenye kompyuta za Swansea, na humo kila kosa limeandikiwa siku yake ya kutoka. Siku ikifika linaondolewa bila mtu kuomba, bila fomu, bila hata senti moja. Huyo mwenzenu anakuuzia ukweli wa miaka mingi iliyopita. Ndiyo sababu maneno yake yanaingia akilini: yaliwahi kuwa kweli.

Nadhani na sisi huku tunanaswa kirahisi kwa jinsi tulivyozoea faini zetu. Ukiandikiwa shilingi 30,000 na trafiki pale njia ya Nzega, deni linakaa kwenye mfumo mpaka ulipe kwa control namba. Usipolipa litakungoja, hata upite mwaka. Tukisikia mtu ana pointi kwenye leseni, tunazipokea kama deni: kitu cha kulipia ili kiondoke. Pointi za Uingereza si deni. Faini yako ya pauni 200 ndiyo iliyokuwa deni, na ulishaimaliza. Pointi ni kumbukumbu yenye muda wake, kama mtu aliyefungwa kwa miaka inayojulikana. Ikitimia, mlango unafunguliwa.

Sasa chukua kalamu tuhesabu pamoja, maana hofu yako imejengwa juu ya hesabu isiyo sawa.

Makosa mengi ya kawaida, mwendo kasi na simu yakiwamo, hukaa kwenye rekodi miaka 4 kuanzia siku kosa lilipotendeka. Ukisomewa hukumu ya kuendesha kwa hatari, au kosa likikufanya ufungiwe leseni, miaka hiyo 4 huanza siku ya hukumu. Ulevi na dawa za kulevya nyuma ya usukani ni miaka 11, kutoka siku ya hukumu. Wewe hayo hayakuhusu, nayataja kwa ajili ya wazazi wenye vijana huko ambao najua wanasoma.

SP30 yako ya 2012 ilitoka 2016. Ile ya 14 Mei 2019 ilitoka 14 Mei 2023. Kwenye rekodi yako hazipo tena, wala hakuna mtu wa kuzifuta kwa sababu hakuna cha kufuta. Kilichobaki ni karatasi yenye wino wa zamani ndani ya bahasha yako.

Na ile 12 inayokukosesha usingizi? Hukuwahi kuifikia. Dereva hukabiliwa na kufungiwa akikusanya pointi 12 ndani ya miaka 3. Siku uliyoshika simu, 20 Agosti 2022, pointi za Mei 2019 zilikuwa zimepita miaka 3 tayari, kwa hiyo hazikuhesabiwa tena, ingawa zilibaki zikionekana kwa mwaka mmoja zaidi. Za 2012 zilikuwa zimeshasahaulika kabisa. Hivyo zilizokuwa na nguvu siku ile zilikuwa 6 peke yake. Umejumlisha miaka 10 ya maisha yako ukaisoma kama siku moja.

Lipo moja ambalo sitakuficha. Hizo 6 za simu bado zinaonekana leo. Haziingii tena kwenye hesabu ya 12 tangu Agosti iliyopita, lakini zitabaki kwenye rekodi mpaka 20 Agosti mwaka huu. Mwajiri akiangalia wiki ijayo ataziona, zimeandikwa CU80. Hakuna mtu Swansea wala Leicester anayeweza kuziondoa kabla ya siku yake kwa pauni 180, wala kwa pauni 1,800. Tazama basi biashara ya huyo bwana ilivyo: angeingia kwenye rekodi yako, angekuta za 2012 na 2019 hazipo, angepiga picha ya skrini na kukutumia, na wewe ungemshukuru kwa kazi iliyofanywa na kalenda. Kwa hizi 6 angekuambia "subiri kidogo" mpaka Agosti.

Linaloniumiza zaidi ya hela ni ile picha. Itazame kadi yako, mstari wa namba 5. Hiyo namba ndefu ya herufi na tarakimu 16 huanza na herufi za jina lako la ukoo, na tarehe yako ya kuzaliwa imefichwa ndani yake. Mstari wa namba 8 una anwani na postikodi. Rekodi yako ya udereva hufunguliwa kwa funguo tatu tu: namba ya leseni, postikodi iliyo kwenye leseni, na namba ya bima ya taifa. Mbili umeshampa. Ya tatu usimpe kwa namna yoyote, hata akikupigia usiku na kukuambia mtu wake anasubiri kwenye kompyuta. Namba ya bima ya taifa ndiyo iliyobeba mishahara yako na kodi zako zote za miaka 14. Mwandikie sentensi moja kwamba huhitaji tena huduma yake, kisha uyahifadhi mazungumzo yenu, usiyafute.

Kazi aliyotaka kuifanya kwa pauni 180 utaifanya mwenyewe ukiwa umekaa chini ya mwembe wako hapo Isevya. Ingia kwenye tovuti ya serikali ya Uingereza, GOV.UK, sehemu ya kuangalia na kushirikisha taarifa za leseni ya udereva. Ni bure. Watakuuliza zile funguo tatu. Postikodi weka ya Leicester iliyochapwa kwenye kadi, hata kama nyumba ile ulishaihama. Wanachotaka ni kile kilichoandikwa kwenye leseni. Namba ya bima ya taifa utaipata kwenye hati yoyote ya mshahara au kwenye ile P60 mliyokuwa mkipewa kila mwisho wa mwaka wa kodi. Nina hakika iko kwenye bahasha ile ile, maana mtu aliyetunza karatasi ya 2012 mpaka leo hawezi kuwa ametupa P60.

Ukiingia utaona madaraja yako, na makosa yaliyo hai. Soma tarehe ya CU80 uilinganishe na ya kwangu. Halafu humo humo omba msimbo wa kumpa mwajiri. Unadumu siku 21. Uandike kama ulivyo, herufi kubwa kubwa na ndogo ndogo, pamoja na herufi na tarakimu 8 za mwisho za namba ya leseni yako. Kwa hivyo viwili yule dada ataingia mwenyewe na kusoma rekodi moja kwa moja kutoka Swansea, na hatakuwa na haja ya kukuamini wewe wala kopi ya stesheneri. Mwajiri wa Uingereza naye hukagua hivyo hivyo siku hizi. Usitoe msimbo leo wala kesho. Utoe Jumatano jioni, ukiwa umeshaona rekodi ilivyo.

Ile karatasi usiipeleke popote tena. Ungekuwa mwanangu wa kumzaa ningekuja kuichana mwenyewe. (Msomaji mwenye mzazi aliyepata leseni Uingereza kabla ya 1998 asije akachana vitu: wapo ambao leseni yao yenyewe ni ya karatasi, haina kadi, na hiyo bado ni leseni. Inayozungumzwa hapa ni ile karatasi iliyokuja pamoja na kadi.)

Swali lako la mwisho limenisikitisha kuliko yote: useme karatasi ilichanganyika na ya mtu mwingine. Jina lako limeandikwa juu yake, na kopi wanayo. Lakini hata ingekuwa haina jina, hapana. Wanakutafuta uwaendeshee watu kwenye njia ya Sikonge wakati wa masika, ambako abiria hana la kufanya ila kumwamini aliyeshika usukani. Usianze naye kwa uongo, tena uongo wa kuficha kosa ambalo limeshafutika lenyewe miaka 10 iliyopita.

Kuhusu ile simu, nitasema kama mama. Sheria ya kule ilikazwa Machi 2022, miezi mitano kabla ya siku yako, ikawa kushika simu mkononi na kuitumia kwa lolote ukiwa unaendesha ni kosa, hata kama unachagua wimbo, hata kama umesimama kwenye taa. Na ni sheria nzuri. Mimi ni mjane wa dereva wa lori. Mume wangu alikuwa akikaa njiani siku nyingi, na nilijifunza kutompigia mpaka yeye aanze, kwa sababu niliogopa mlio wa simu yangu umkute kwenye kona. Kwa hiyo sitakuambia lile halikuwa kosa. Lilikuwa kosa, ukaadhibiwa, ukalipa. Ila mtu aliyeona jina la mdogo wake kwa saa isiyo ya kawaida, moyo ukamwambia ni mama, si dereva mzembe. Hayo yote mawili yanakaa ndani ya mtu mmoja, na yote mawili yanasemeka.

Alhamisi basi, nenda na leseni zako zote mbili, ya Tanzania na ya Uingereza, na msimbo kwenye karatasi safi. Usingoje aulize. Ningekuwa wewe ningemwambia hivi: "Dada, karatasi niliyokuletea ni ya zamani, ilifutwa tangu 2015, na kosa lililoandikwa humo liliondolewa kwenye rekodi 2016. La mwendo kasi la 2019 nalo lilitoka 2023. Kwa sasa nina kosa moja linaloonekana, la kushika simu nikiwa kwenye taa, Agosti 2022. Litatoka tarehe 20 Agosti mwaka huu. Huu hapa msimbo, fungua uangalie mwenyewe." Halafu nyamaza, mwache asome. Akitaka kujua ilikuwaje, mwambie habari ya mama kwa ufupi, usiifanye ngao.

Inawezekana wakakataa. Wapo waajiri ambao utaratibu wao haukubali pointi hata moja. Wakikataa, utakuwa na rekodi ambayo baada ya Agosti ni nyeupe, na utakwenda nayo kwa mwingine bila kuogopa swali lolote. Sidhani watakataa. Walishapanda gari lako.

Ikiwa siku moja utarudi kuendesha kule, kumbuka kwamba kampuni za bima huuliza makosa ya miaka 5, si 4. Ukiulizwa hivyo, CU80 utaitaja mpaka Agosti 2027 hata kama kwenye rekodi haionekani. Jibu unachoulizwa.

Na mama anaendeleaje? Hukuandika hata mstari mmoja juu ya hali yake ya sasa. Kama bado anafanya mazoezi ya mkono, mpe michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, aivunjevunje kidogo kidogo kwa vidole vya upande uliolegea. Dada yangu alipopata kiharusi tulifanya hivyo pamoja na yale ya hospitali, na ilimpa kitu cha kushughulika nacho asubuhi. Msalimie. Ijumaa niandikie yule dada alisemaje.